Pamba Miguuni pa Mayu



Sikukuu ya Uhuru huangukia Majilio, na kwetu Bariadi huangukia pia msimu wa kupanda pamba. Ndiyo maana Jumapili inayotangulia tarehe 9 Desemba watoto wa Shule ya Jumapili huja na udongo mweusi wa mbugani kwenye kucha. Mwaka jana tuliketi nao chini ya mwembe, tukatengeneza bendera.

Hatukununua kitu. Karatasi zilitoka kwenye madaftari yaliyokwisha, mlingoti ni bua la mtama, gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo. Kijani tuliponda matembele, nyeusi ni mkaa, njano ni binzari, bluu ni ile ya kufulia. Kijani cha matembele kesho yake hugeuka rangi ya chai, lakini mtoto wa miaka mitano na kesho wapi na wapi.

Kilichotusumbua ni ule mstari mweusi. Huanzia pembe ya chini penye mlingoti, hupanda mpaka pembe ya juu ya upande wa pili. Nusu ya watoto waliuteremsha. Mwalimu wao alitaka warudie. Nikamwomba awaache kwanza. Nikawaeleza kwamba weusi ule ni sisi wananchi, kijani ni ardhi, njano ni madini, bluu ni maji. Bendera ya Tanganyika aliyoipandisha Luteni Alexander Nyirenda kileleni Kilimanjaro mwaka 1961 haikuwa na bluu. Bluu ilikuja na Zanzibar, 1964. Binti mmoja akaitazama karatasi yake, akaanza upya bila kuambiwa. "Kumbe watu wanapanda," akasema. Sijui alikuwa na maana ya mlima au ya shamba. Sikumwuliza.

Kisha mvulana mmoja akauliza: "Mchungaji, na pamba iko wapi?"

Swali la haki. Daftari lenyewe alilochana karatasi lilinunuliwa kwa pamba. Ndani ya Biblia yangu nilikuwa nimekunja barua ya serikali, nikaifungua, nikawaonyesha nembo ya taifa. Mwanamume na mwanamke wamesimama juu ya Kilimanjaro. Miguuni pa mwanamume pana mkarafuu, miguuni pa mwanamke pana mpamba. Wakaisogelea, vichwa vikagongana. "Mayu!" akasema yule mvulana, yaani mama kwa Kisukuma, kidole juu ya yule mwanamke.

Mchoraji hakukosea kuuweka mpamba pale. Mama zetu ndio wanaoinama kupalilia, na bei huisikia redioni.

Nyumbani nikafungua Kutoka 31. Mungu anamtaja kwa jina mtu aliyemjaza Roho yake, naye si kuhani wala nabii. Ni Bezaleli, fundi wa kuchonga mbao na kukata vito. Sura ya 35 inawakumbuka wanawake waliosokota nyuzi kwa mikono yao, kisha inaongeza jambo tunalolipita haraka: Bezaleli alitiwa pia moyo wa kufundisha. Alipewa ufundi pamoja na uvumilivu wa kukaa na asiyejua.

Hapo ndipo tunapopungukiwa. Bendera ya plastiki tunainunulia stendi, tunamshikisha mtoto, jioni iko mtaroni. Mtoto ameshika nchi yake saa tatu bila kujua hata rangi moja ina maana gani. Najua mtasema tuko shambani, mvua haisubiri mtu. Ni kweli. Lakini kazi yetu yote chini ya mwembe iliisha kabla ya ibada ya pili.

Baadhi ya watoto walibandika kipande cha pamba chini ya bendera zao. Wizara haitakubali, mimi nimeziacha ukutani mwa kanisa.

Mzazi, Jumapili ijayo mpe mwanao bua moja la mtama na pamba kidogo iliyobaki ghalani. Binzari na bluu tunazo.