Kipimo Sahihi cha Bomba la Pikipiki

Upana na urefu wa njia ya kuingizia hewa, pamoja na ule wa ekzosi, huchangia sana kuamua kama injini ya pikipiki itakuwa na nguvu ikizunguka polepole au ikizunguka kwa kasi. Njia nyembamba huipa hewa mwendo mkali hata kwenye mizunguko michache. Hewa iliyoshika kasi haisimami pistoni ifikapo chini. Huendelea kujisukumia ndani maadamu vali ingali wazi, na silinda hujaa. Mizunguko ikipanda, njia hiyohiyo huikaba injini. Njia pana hupitisha hewa nyingi huko juu, lakini huku chini hewa hujikokota, hata nyingine hurudi ilikotoka.

Kwenye ekzosi kuna jambo la ziada. Moshi ukifyatuka, wimbi la mgandamizo hukimbia bombani kwa kasi ya sauti, ambayo katika gesi ya moto huweza kupita mita 500 kwa sekunde. Likifika mwisho ulio wazi hugeuka na kurudi kama wimbi la kunyonya. Likiikuta silinda katika kile kitambo kifupi ambapo vali zote mbili ziko wazi, hufyonza mabaki ya moshi na kuvuta hewa mpya. Likichelewa au kuwahi, nguvu hupungua. Mafundi wanaodai kwamba injini huhitaji kuzuiwa kidogo na ekzosi wameona tukio la kweli, ila sababu wameikosea. Bomba pana mno hupoteza kasi ya moshi, na urefu usiofaa huharibu miadi ya wimbi. Kizuizi chenyewe hakijawahi kuisaidia injini.

Torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ikizidishwa kwa kasi ya mzunguko huzaa pawa. Torki ya nyutoni-mita 10 kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika ni kilowati 4.2, kwenye mizunguko 8,000 ni 8.4. Kwa hiyo bomba linalopunguza torki ya chini laweza kushinda kwa pawa ya juu kabisa. Lipi basi ni bora?

Grafu ya torki na pawa haina jibu, kwa sababu inaonyesha kinachotokea, si kinachotakiwa. Mwanafalsafa Aristotle, katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, alitofautisha wastani wa kitu chenyewe na wastani unaotuhusu sisi: ikiwa chakula cha mina kumi (kipimo cha kale cha uzito) ni kingi na cha mbili ni kidogo, mkufunzi hatampa kila mtu sita, maana sita ni haba kwa Milo mpiga mieleka na ni nyingi kwa anayeanza mazoezi. Bodaboda inayopanda mlima na abiria wawili na gunia huhitaji torki ya chini. Pikipiki ya mashindano huishi kwenye mizunguko ya juu.

Haifuati kwamba kila kipimo ni sawa. Kazi ikishajulikana, jibu hupatikana kwa milimita, na matakwa ya mwenye pikipiki hayalibadilishi. Tena yapo mabomba mabaya kwa kazi zote: lililobonyea, linalovuja kwenye kiungo, au pana kiasi cha kushindwa chini bila kuongeza chochote juu. Ubora unaotegemea lengo si ubora wa kubuni, na hoja ya kwamba “inategemea” mara nyingi hutumika kukwepa kusema inategemea nini.

Yaweza kudaiwa kwamba teknolojia imelifuta swali. Mwaka 1987 Yamaha iliweka kwenye pikipiki yake ya FZR400R vali ya EXUP, inayobadilisha uwazi wa ekzosi kufuatana na mizunguko. Pikipiki yake nyingine, R1 ya mwaka 2007, ikaja na njia za hewa zinazobadilika urefu. Mitambo hiyo hupunguza hasara kwelikweli, lakini huongeza uzito na gharama, na hufungua au kufunga pale tu mhandisi alipoamua. Katika uamuzi huo nguvu hupimwa pamoja na kelele, moshi na ulaji wa mafuta, na hakuna fomula inayosema kelele kiasi gani ni sawa na kilowati moja.