Udongo Mweusi Kutoka Mjini

Mkulima mmoja wa Manga, Nyamira, alikuwa na robo ekari mlimani, udongo mwekundu uliochoka kwa kulimwa mwaka baada ya mwaka. Mbolea ya dukani ilimshinda bei, na samadi ya ng'ombe wake mmoja iliishia kwenye migomba. Mwenye pikapu akamletea habari: jaani mjini kuna udongo mweusi, laini, wa bure, lipia kuubeba tu.

Ulipomwagwa, jirani yake mzee, mkulima wa mboga za managu na saga tangu ujana wake, aliuchambua kwa mkono akakuta betri za tochi zilizopasuka na sindano.

"Mwanangu, huu usiutie kwenye mboga."

"Mama, si unaona ulivyo mweusi!"

Sukuma wiki ikastawi, majani mapana kama sahani. Akauza, akawalisha watoto. Kustawi huko ndiko kulikomdanganya: maganda yaliyooza yalilisha mmea, lakini metali za risasi na kadmiamu kutoka kwenye betri na rangi hazichomi jani wala kubadilisha ladha. Kadmiamu hupanda hadi kwenye majani, hasa udongo ukiwa na asidi kama ulivyo mwingi wa eneo hili la Gusii. Risasi hubaki zaidi udongoni, na huingia mwilini kwa vumbi na kwa mboga isiyooshwa vyema. Wala haiozi. Udongo ulipopimwa, afisa wa kilimo alimwambia aache kupanda chakula pale. Sasa pamesimama mikaratusi, na mboga ananunua sokoni.

Mkulima huyo ni wa mfano. Dandora, Nairobi, si mfano. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti ya uchunguzi wa watoto na vijana 328 waliokuwa karibu na jaa lile: nusu ya waliopimwa damu walikuwa na mikrogramu 10 au zaidi za risasi katika kila desilita ya damu. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na madhara hayo hayarudi nyuma.

Simpingi mkulima anayetaka taka za mji. Maganda ya ndizi na mabaki ya mboga ya soko la Daraja Mbili, Kisii, ni mali, mradi yachukuliwe kabla hayajakutana na betri ndani ya lori. Yakirundikwa na kugeuzwa hadi joto lipite nyuzi 55 kwa siku kadhaa, vijidudu vingi hufa na mboji hupatikana. Risasi haiuawi na joto lolote la rundo, kwa hiyo kuchekecha na kugeuza udongo wa jaani ni kazi bure.

Sheria ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka inataka taka zitenganishwe zinakotoka. Kaunti za Kisii na Nyamira ziweke basi mapipa mawili katika kila soko, na lori la maganda liwe lake peke yake. Nawe mkulima, ukiletewa udongo wa jaani, hata wa bure, urudishe.