Kosa la Asiyesikia

Usiku wa msiba wa jirani yetu hapa Kaloleni, muziki ulivuma kutoka chumba cha mjukuu wangu. Nilimkuta amevaa hedifoni, akizidi kuongeza sauti maana yeye hasikii kitu. Redio kaseti zetu za zamani, ukichomeka pini, kibati cha ndani husogea na spika hunyamaza. Programu yake ya muziki ilifuata mipangilio tu, na humo ilikuwa bado imechaguliwa spika.

“Sikujua, babu.”

Je, asiyejua ana hatia? Chuoni nilifundisha kwamba kipimo ni nia. Lakini wafiwa hawakuisikia nia yake, walisikia ngoma. Tena angevua hedifoni mara moja tu, angejua. Tulikwenda wote kuomba radhi. Mjane alimshika kijana mkono. Mimi, mwenye nyumba, hakunitazama.