Je, Ni Halali Kula Faida ya Maji?

Watu wenye akiba kidogo wanaulizana siku hizi swali ambalo baba zetu hawakuwa na haja ya kuuliza. Ziko kampuni na mamlaka zinazosafisha maji na kuyapeleka mijini kwa mabomba, nazo hutafuta fedha kwa watu, kwa kuuza hisa au kwa kukopa, kisha huwalipa faida. Je, mtu mwema aweza kuipokea faida hiyo na moyo wake ukatulia? Wengine husema kwamba maji ni kipawa cha Mungu, na anayekula faida yake amekula kiu ya jirani. Wengine hujibu, “Mbona muuza mkate hatumlaumu, naye anauza chakula?”

Yafaa tuanze kwa kutenganisha vitu viwili vinavyochanganywa. Mvua haina bei, wala mto haukufanyizwa na mtu. Lakini maji ya mtoni si maji ya kunywa bado. Hutiwa shabu ili tope lishuke chini, huchujwa katika mchanga, kisha hutiwa klorini ili kuua vijidudu. Hupandishwa kwa pampu mpaka kwenye tangi lililo juu, na kutoka huko huteremka katika mabomba yaliyofukiwa ardhini mtaa kwa mtaa. Kila hatua yataka fedha na kazi. Basi atoaye fedha yake kwa kazi hiyo hauzi mvua. Alipwa kwa kuwa amekaa miaka mingi bila fedha yake, na wengine wakanufaika nayo.

Tena kutotoa nako kuna hesabu yake. Mwaka 1892 mji wa Hamburg katika Ujerumani ulikuwa ukinywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja, maana shauri la kujenga machujio lilikuwa limeahirishwa miaka mingi kwa ajili ya gharama. Mji wa Altona ulipakana nao kabisa, hata mtu akivuka njia katika mahali pengine alikuwa amehama mji. Altona ulichota mto ule ule, tena upande wa chini, palipokwisha kupita uchafu wa Hamburg. Lakini uliyachuja maji yake kwa mchanga. Kipindupindu kilipoingia, kiliua watu zaidi ya 8,000 katika Hamburg kwa muda wa miezi michache, na Altona waliokufa walikuwa wachache sana kuliko hao. Mwaka 1893 Hamburg ulifungua machujio yake. Machujio yalipatikana, ila baada ya mazishi.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaodhani kwamba kujitenga ndiko usafi. Katika miji yetu asiye na bomba hanywi bure: hununua kwa mwenye mkokoteni, dumu kwa dumu, na mara nyingi kwa bei kubwa kuliko tajiri mwenye bomba nyumbani mwake.

Lakini na yule muuza mkate tusimwache apite upesi, maana mfano wake una kasoro. Mkate ukiwa ghali nitakula muhogo, au nitakwenda duka la pili. Bomba ni moja. Mtu hawezi kulikasirikia akaenda kwa jirani yake, wala hawezi kusema, “Mwezi huu sitakunywa.” Anayeshika bomba amemshika mnywaji mwenyewe, na ile desturi ya sokoni ya kumwachia mnunuzi ajitetee haifai hapa.

Waingereza wamelijua jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1989 serikali yao iliuza mamlaka za maji za Uingereza na Wales kwa wenye hisa, na madeni yake yalifutwa kabla ya kuuzwa. Kufikia mwaka 2024 madeni ya kampuni hizo yalikuwa yamepita pauni bilioni 60, na katika miaka hiyo wenye hisa walikuwa wamegawiwa magawio mengi. Kampuni ya Thames Water, inayohudumia London, tangu 2006 hata 2017 ilikuwa chini ya wawekezaji walioongozwa na benki ya Macquarie ya Australia. Deni lake likapanda sana huku magawio makubwa yakilipwa. Mwaka 2017 ilitozwa faini ya pauni milioni 20 kwa kumwaga maji machafu mtoni. Mwaka huo huo mfuko wa pensheni wa OMERS, ulio wa wafanyakazi wa manispaa za Ontario, Kanada, ulinunua hisa katika kampuni hiyo. Na mwaka 2024 ukazihesabu hisa zake kuwa hazina thamani tena. Wastaafu wale hawakumtakia mtu kiu. Fedha yao ilivuka bahari kununua sehemu ya bomba wasilolinywea, na wengine waliokwisha kushiba walikuwa wameondoka mezani.

Lipo jambo la karibu zaidi. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani, yaani hati za deni, za shilingi bilioni 53.12, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka na kwa muda wa miaka 10. Wanunuzi wakatoa kupita kiasi kilichotakiwa. Maji yenyewe ni ya mto Zigi, unaotoka katika milima ya Usambara Mashariki, nayo hukusanywa katika bwawa la Mabayani. Njia hii naipenda kuliko ile ya hisa. Deni lina mwisho wake. Mkopeshaji akiisha kulipwa ameondoka, na bomba limebaki mali ya watu wote. (Wala nisidhaniwe kusema kwamba mamlaka ya umma haikosei, tumeyaona makosa yake sisi sote.)

Hata hivyo, ile asilimia 13.5 haishuki kutoka mawinguni. Yatoka katika ankara. Mama anayechota ndoo yake gatini huko Muheza au Pangani analipa sehemu yake. Ikiwa fedha yangu imemfikishia bomba, akaacha kununua madumu ya mkokoteni, yeye amepata na mimi nimepata, wala sioni haya kuipokea. Ikiwa fedha hiyo imetumika kulipa faida ya mkopeshaji aliyenitangulia, naye anachota penye kisima kile kile cha zamani, basi nimepokea mali yake bila kumpa kitu, ingawa karatasi zote zina mihuri.

Kwa sababu hiyo watunza hazina wa sharika, na vyama vya akina mama wenye akiba, wasiulize kiasi cha riba peke yake. Waulize ni bomba gani litakalochimbwa, na mtaa gani. Waulize mjane asiyeweza kulipa mwezi huu atakatiwa maji, au liko gati karibu naye. Mahali pakiwa si mbali, na waende kwa miguu wakatazame mtaro unachimbwa. Na katika chama wawepo wa kuulizwa kwanza, yaani wale wanaonunua kwa dumu hata sasa, maana hao wanaijua bei ya jana na ya leo.