Mchukuzi wa Neno Ana Hatia Gani?

Yako maneno mawili ya Wayunani yaliyofika pwani yetu kwa njia ya Kiarabu, zamani kabla wamisionari wa kwanza hawajafika ziwani mwaka 1877, nasi hatuyatambui tena kuwa ni wageni. La kwanza ni Injili. Wayunani walisema euangelion, yaani ujumbe mwema, na ndani yake mna angelos, mjumbe. La pili ni Ibilisi. Wajuzi wengi wa lugha husema latoka katika diabolos, na maana yake ya asili ni msingiziaji, arushaye maneno kati ya watu. Paulo alipomwandikia Timotheo kwamba wanawake wasiwe wasingiziaji, neno alilotumia ni lilo hilo. (Wanaume tusicheke: katika waraka wa pili, sura ya 3, awaita hivyo watu wa siku za mwisho, wake kwa waume.)

Basi twauliza: asiyetunga uongo, ila aliuchukua tu, ana hatia?

Huku Mwanza neno husafiri upesi. Laondoka Nansio asubuhi pamoja na abiria, na jioni limekwisha kufika soko la samaki la Mwaloni, tena limeongezeka njiani. Pengine ni neno juu ya bibi kizee wa Usukuma mwenye macho mekundu. Macho hayo yamefanywa mekundu na moshi, maana amepika miaka 50 kwa kuni, na palipo uhaba wa miti kwa samadi ya ng'ombe. Lakini mmoja asema, "Ni mchawi". Wa pili, "Wanasema ni mchawi". Wa tatu haulizi. Vikongwe wengi wameuawa kwa mapanga katika nchi hii, na kila aliyelichukua neno lile husema, "Mimi nilisikia tu."

Udhuru huo hatuukubali. Mwinjilisti naye hakuitunga Injili. Aliipokea, akaichukua, nasi twamheshimu kwa kuichukua kwake. Ikiwa yeye ana sehemu katika wema wa habari asiyoitunga, mchukuzi wa masingizio atakosaje sehemu katika ubaya wake?

Mtu atasema, Je, tunyamaze? La. Luther, akiieleza Amri ya Nane katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ataka tumtetee jirani na kumnenea mema. Kwa hiyo aliyesikia neno juu ya kikongwe na aende kwake, aingie jikoni, akae kitambo katika moshi ule. Kisha arudi sokoni, naye atakuwa na habari ya kuchukua.