Mpaka Mara ya Saba

JUMATANO

Soma 2 Wafalme 5:1–14. Ni akina nani waliomsaidia Naamani apone, nao walifanya nini?

Naamani alikuwa jemadari, lakini njia ya kupona kwake ilishikwa na watu wadogo. Kijakazi aliyechukuliwa mateka ndiye aliyetaja habari za nabii. Na Naamani alipoghadhibika akageuka kwenda zake, watumishi wake ndio waliomkaribia, wakamwita baba, wakamsihi kwa upole. Elisha alikuwa amemwagiza ajichovye Yordani mara saba. Biblia haisemi kwamba ngozi yake ilianza kubadilika mara ya pili au ya tano. Kutakasika kwake kunatajwa baada ya agizo kutimizwa lote.

Yapo matibabu ya siku hizi yanayodai utii wa namna hiyo. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi sita: dawa za aina nne kwa miezi miwili ya kwanza, kisha aina mbili kwa miezi minne inayofuata, zikimezwa kila siku. Mkojo hugeuka rangi ya machungwa na wengi huogopa, ingawa ni dawa tu inayopita. Lakini kwa mgonjwa huyu mambo huenda kinyume na ya Naamani. Dalili njema hutangulia. Kabla miezi miwili haijaisha, mara nyingi kikohozi kimetulia, homa za usiku zimekoma na hamu ya kula imerudi kwa nguvu. Hapo ndipo hatari ilipo. Anayejiona mzima akaacha vidonge huwabakiza vijidudu vilivyo vigumu kufa. Ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu, ukahitaji dawa nyingine zilizo nzito zaidi mwilini.

Katika mji mdogo, siyo kusahau tu kunakomfanya mtu aache. Nchini Tanzania na Kenya dawa hizi hutolewa bure katika vituo vya serikali, ila macho ya watu yana gharama yake. Mama muuza mboga akionekana mara mbili kwenye benchi la kliniki ile, kufikia jioni habari imefika stendi, na kesho yake wateja wanapita meza yake kama hawaioni. Wengine huamua kupanda basi kwenda kituo cha mbali wasikojulikana, mpaka nauli inapowashinda. Kisha hukaa nyumbani, na kadi ya matibabu ikabaki chini ya godoro.

Inasikitisha kwamba hata kanisani hofu hiyo huingia. Siku ya Meza ya Bwana, wakati wa kutawadhana miguu, kila mmoja ana mwenzake isipokuwa yeye. Kifua kikuu huenea kwa hewa, mgonjwa ambaye hajatibiwa anapokohoa, hasa katika chumba kilichofungwa. Hakienezwi kwa sahani, kwa kushikana mikono, wala kwa beseni la maji. Anayemeza dawa zinazomfaa kwa kawaida huacha kuambukiza baada ya majuma machache, na mhudumu wa afya humwambia lini anaweza kuketi tena pamoja na wengine. Akisharuhusiwa, wa kumwinamia miguuni asitafutwe kwa tangazo.

Soma Isaya 38:1–5, 21. Mungu alijibuje maombi ya Hezekia, na Isaya aliagiza nini kifanyike?

Hezekia alikwisha kuahidiwa miaka kumi na mitano, na bado tini zilibandikwa juu ya jipu. Nabii hakuona kwamba dawa inaitukana ahadi. Kwa hiyo anayemwambia mgonjwa aviweke vidonge kando ili imani yake ionekane hakujifunza hayo kwa Isaya. Huenda anasema kwa nia njema. Lakini maneno yake yanaweza kuua.

Makanisa mengi ni hodari mwanzoni. Habari ya ugonjwa ikitangazwa, wageni hujaa sebuleni, nyimbo huimbwa, unga na sukari huletwa. Mwezi wa nne mgonjwa ameanza kunenepa, tena anatembea, na hakuna anayebisha hodi. Ila ndio wakati nyumba ile ina njaa kuliko mwanzo, kwa maana biashara ilisimama na mlaji amepata hamu. Dorkasi wakipeleka maharage mwezi huo wamefanya kazi ya watumishi wa Naamani. Vivyo hivyo kijana wa bodaboda anayempeleka kliniki bila kumdai, na jirani anayepita kila asubuhi, akaketi kidogo, akamwona ameza dawa ndipo aende shambani. Jirani huyo hahitaji elimu ya udaktari. Anahitaji kufika, na kuufunga mdomo wake afikapo sokoni.

Mjadala: Ni nani katika darasa lenu aliye katikati ya matibabu marefu, iwe ni kifua kikuu, kisukari, presha au ugonjwa mwingine, na yuko tayari kusaidiwa? Bila kutaja jina lake mbele ya wote, nani atamwuliza leo tarehe yake ya kliniki, na atafikaje huko?