Haki Tuidaiyo na Haki Tuizuiayo

Bismillahi-r-Rahmani-r-Rahim. 

Kila tuketipo barazani huyasikia maneno haya: kazi za Serikali zapewa watu wa bara, na sisi wa pwani twaachwa nyuma. Hatusemi kwamba malalamiko haya ni ya uwongo. Sheria yenyewe imekiri kuwa dhulma iko. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, yaliyoua watu zaidi ya 1,000, ilipitishwa mwaka 2008 sheria inayokataza idara ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya watumishi wake kutoka kabila moja. Kisha Katiba ya 2010, katika kifungu cha 27, ikakataza ubaguzi wa kabila, asili, dini, ulemavu, hata mavazi (basi buibui si sababu ya kumnyima binti yetu kazi), na ikaiwajibisha Serikali kuwainua wale waliobaguliwa zamani. Kifungu cha 54 kimewatakia walemavu angalau asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na za kuteuliwa.

Wako wasemao kuwa mambo haya ni ya kizungu. Twawauliza: Ibn Ummi Maktum, aliyekuwa kipofu, nani aliyemwachia Madina aiangalie alipotoka safarini? Na Usama bin Zayd, mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru, ambaye hata miaka ishirini alikuwa hajaitimiza, nani aliyempa jeshi walimokuwamo masahaba wakubwa? Ni Mtume wetu, swalla-llahu alayhi wa sallam. Na watu waliponong'ona juu ya Usama, aliwakemea. Hawa hawakuteuliwa kwa kuonewa huruma. Walifaa, na upofu wa mmoja na asili ya mwengine havikufanywa kizuizi. Nasi hatuungi mkono mtu kupewa kazi asiyoiweza kwa sababu ya kabila lake. Hiyo ni khiyana katika amana. Sheria ya thuluthi yazuia upendeleo, haikuwekwa kuwafuga wavivu.

Lakini tazameni habari ya Wapemba. Wameishi Kwale na Kilifi kwa vizazi, wakivua samaki, watoto wao wamezaliwa hapa, na hawakuwa na kitambulisho. Asiye na kitambulisho hafungui hesabu benki, wala hapati kazi ya Serikali. Mwaka 2023 ndipo Serikali ilipowatambua kuwa ni kabila miongoni mwa makabila ya Kenya. Twaishukuru kwa hilo. Ila twajiuliza: miaka yote hiyo walikuwa wakisali wapi? Walisali nasi, safu moja, bega kwa bega. Ni wangapi katika sisi waliokwenda kwa mkuu wa wilaya kuwasemea?

Na sisi tuandikao haya hatukusalimika. Katika msikiti mmoja, ambao hatuutaji, alitakiwa mtunza fedha. Likatajwa jina la kijana mmoja aliyesomea hesabu, mwaminifu, asiyekosa sala ya alfajiri. Mzee mmoja akasema, "Huyu babake ni Mpemba, ni mtu wa kuja, wakf ni wa wenyewe." Akachaguliwa mwengine, jamaa wa mzee huyo, asiyeweza kujumlisha daftari la kodi za nyumba. Sisi tulikuwapo kikaoni, tukanyamaza kwa kumstahi mzee. Kesho yake tulikuwa barazani tukiilaumu Serikali kwa ukabila!

Surat-l-Mutaffifin imewatishia adhabu wale wapokeao kwa kipimo kamili na wakiwapimia watu hupunguza. Sisi tulidhani ni ya wachuuzi wa nafaka.

Daftari lile hata leo halijajumlishwa. Halmashauri ya msikiti huo yachaguliwa upya baada ya Ramadhani, na kijana yule bado husali nasi. Tutalitaja jina lake mbele ya mzee, naye atuwie radhi.